Tairi Alizozichagua Shangazi Annegret

Mwaka 1978 msichana wa miaka kumi na sita aliingia katika gereji moja hapa Gelsenkirchen, Ujerumani, barua ya maombi mkononi, alama zake za hesabu zikiwapita wavulana wote wa darasa lake. Alitaka kujifunza ufundi wa magari. Mwenye gereji aliisoma barua, akaikunja, akamrudishia. Akasema haiwezekani. Si kwamba nafasi hazikuwepo, maana tangazo la nafasi tatu lilikuwa limebandikwa dirishani pale pale. Tatizo, alisema, gereji haina choo cha wanawake.

Choo! Niliposimuliwa mara ya kwanza nilidhani anatia chumvi.

"Basi ukamjibuje, Shangazi?"

"Nikamwambia kwetu ni mtaa wa pili tu, nitakuwa nabana hadi mchana."

"Naye?"

"Akacheka. Akawaita na wenzake waje kucheka."

Msichana huyo ni Annegret Wischnewski, anayekaa ghorofa ya chini katika nyumba yetu. Si shangazi yangu wa damu, ila namwita hivyo tangu nilipoanza kusema. Baba yake alikuwa mchimba makaa na mfuga njiwa. Makaa yalikwisha, baba akafa, njiwa wakabaki, na hadi leo wapo kumi na wanne katika banda la nyuma ya nyumba. Yeye mwenyewe, baada ya kuchekwa gerejini, alikwenda kuendesha tramu. Miaka thelathini na moja. Kwenye tramu choo kilikuwepo mwisho wa njia, kwa hiyo inaelekea hapo akili za kike zilifaa.

Alipostaafu alinunua gari, Golf ya mwaka themanini na tisa, nyekundu, ya mzee mmoja aliyekuwa akienda nayo kanisani tu. Watu wakasema vizuri, sasa ataenda sokoni bila shida. Wiki iliyofuata akaishusha. Yaani alitoa springi za zamani, akaweka fupi, gari likashuka sentimita sita, likawa limelala barabarani kama paka anayevizia. Kisha akanunua rimu nne za aluminiamu, kipenyo inchi kumi na tano, upana inchi nane. Rimu zilizotoka kiwandani na gari lile hazifiki hata inchi sita.

Mama yangu alimwuliza anataka nini hasa na gari la namna hiyo.

"Nataka niliangalie nikiwa nakunywa kahawa," akajibu. "Halafu nilipande, niende zangu. Wewe hujawahi kutaka kitu?"

Shida ikaanzia kwenye tairi. Sikujua kabisa kwamba tairi huchaguliwa kwa mahesabu. Nilidhani unaenda dukani, unasema nipe nyeusi. Shangazi alinikalisha mezani jikoni kwake akanionyesha namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, lakini hautajwi kwa milimita, unatajwa kama asilimia ya ule upana. Ya tatu ni kipenyo cha rimu. Ikifuatia namba ndogo, hiyo ni ya uzito ambao tairi inaweza kubeba. Ukibadili moja, zote zinasogea.

Na kila mtu alikuwa na ushauri.

Nusret Akbulut, mwenye gereji ya mtaa wa nyuma, rafiki yake wa miaka mingi, alitaka aweke tairi nyembamba ya mia moja sitini na tano. Vijana wengi hufanya hivyo. Tairi nyembamba kwenye rimu pana inavutika pembeni, ubavu unalala, na gari linaonekana limekaa chini zaidi.

"Dada Annegret, nisikilize mimi. Inapendeza mno."

"Inapendeza kama koti la mtoto kwa mtu mzima. Inabeba kilo ngapi?"

"Aa, umeanza."

"Kilo mia tatu na sitini na kitu, Nusret. Kadi ya gari inasema ekseli ya mbele ibebe mia saba themanini. Gawa kwa mbili."

Nusret akagawa, akapata mia tatu tisini, akanywa chai yake.

Lothar Brinkhege, mwenye duka la tairi kwenye barabara kuu, alitaka aweke mia moja tisini na tano kwa hamsini. "Ndiyo ya kawaida, mama. Weka ya kawaida, ulale usingizi." Lakini Shangazi alikuwa ameshapima kwa rula na udongo wa kuchezea wa watoto. Aliubandika ule udongo ndani ya madigadi ya nyuma, akalibonyeza gari, akaona nafasi iliyobaki. Ubavu wa hamsini ni milimita tisini na saba na nusu. Gari lililoshushwa likiingia shimoni na watu wanne ndani, tairi ile ingelamba bati. Ubavu wa arobaini na tano unapungua karibu milimita kumi. Kumi tu, lakini ndizo zilizokuwa zinatafutwa.

Basi akachagua mia moja tisini na tano kwa arobaini na tano. Inabeba kilo mia nne ishirini na tano kila moja. Ni ndogo kidogo kuliko ya kiwandani, kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi, na mshale wa mwendo unaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli. Sheria inasamehe hilo. Isichosamehe ni mshale kuonyesha pungufu. Nilipeleka mahesabu yake kwa mwalimu wetu wa fizikia, akayarudia yote ubaoni, akauliza nani ameyafanya. Nikasema dereva wa tramu. Akasema haya basi, na nyinyi mna simu zenye kikokotoo.

Kikwazo kilibaki kimoja. Kitabu cha tairi kinasema saizi ile inakaa kwenye rimu ya inchi sita hadi saba na nusu. Yake ni nane. Katika nchi hii nusu inchi si jambo la kupuuza. Unahitaji barua ya watengenezaji wa tairi yenyewe, wakiitaja kwa jina, kwamba wanairuhusu ikae kwenye rimu ya inchi nane. Bila barua, mkaguzi haandiki kitu kwenye hati za gari, na kisichoandikwa hakiruhusiwi barabarani. Shangazi aliipata barua. Ilikuwa ya tairi iitwayo Nordwall Tatu. Akatoa nakala, akampelekea Brinkhege pamoja na oda, akamwambia, "Hii hii. Si nyingine."

"Hii hii, mama," akasema Brinkhege.

Tairi zikaja, zikafungwa. Nusret alikuwa ameshakunja ukingo wa ndani wa madigadi kwa rola, huku akiipasha moto rangi isipasuke. Shangazi alikagua namba ubavuni mwa kila tairi, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Mia moja tisini na tano, arobaini na tano, kumi na tano. Sawa. Akaweka miadi ya ukaguzi. Siku tatu kabla ya miadi askari wa barabarani akamsimamisha.

Nilikuwemo garini. Askari aliinama dirishani na neno lake la kwanza lilikuwa, "Gari la mwanao hili?"

"La kwangu."

"Na hizi rimu, nani kaziweka?"

"Mimi."

Akatazama nyuma nilipokuwa, kana kwamba mimi ndiye nitakayesema ukweli. Akaandika karatasi. Rimu na tairi zisipoingizwa kwenye hati kabla ya tarehe thelathini ya mwezi ule, namba za gari zitang'olewa muhuri, na gari halitatembea tena. Siku kumi na tisa.

"Hamna neno," Shangazi akasema tulipoondoka. "Jumatatu ukaguzi, Jumatatu jioni yameisha."

Jumatatu hayakuisha. Mkaguzi, Bwana Terhorst, mtu mrefu mwenye kalamu nne mfukoni, alisoma barua, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akasoma ubavu wa tairi, akaisoma barua tena. Hata jeki hakuigusa.

"Barua inasema Nordwall Tatu."

"Ndiyo."

"Hizi ni Nordwall Nne."

Shangazi alipiga magoti sakafuni mwenyewe. Kweli. Kwa miezi mitatu alikuwa amezitazama namba, amezihesabu hadi usingizini, na siku ya kukagua macho yake yalikwenda kwenye namba. Jina hakulisoma. Aliambiwa ni hii hii.

"Saizi ni ile ile," akasema polepole.

"Saizi ni ile ile, tairi siyo. Barua hii kwa tairi hizi ni karatasi tu." Halafu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Labda mwambie aliyekutengenezea asome vizuri."

Shangazi alikwenda moja kwa moja dukani kwa Brinkhege. Wateja watatu walikuwa kwenye foleni, naye Brinkhege yuko nyuma ya kaunta anakula mkate wa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu. Na mkate ule, nisikilizeni, alikuwa ameulaza juu ya barua. Nakala ya Shangazi, yenye jina lake juu, yenye mstari mwekundu aliouchora mwenyewe chini ya maneno Nordwall Tatu. Mafuta yalikuwa yameshafika kwenye sahihi.

"Bwana Brinkhege, umenifungia tairi gani?"

"Aa, mama wa Golf! Nimekufungia nzuri. Tatu hazitengenezwi tena, nikakuwekea Nne. Mpya, bora zaidi, kwa bei ile ile. Wengine wangeshukuru."

"Uliniambia?"

"Nikuambie nini? Tairi ni tairi. Ni mviringo, ni nyeusi." Akawakonyeza wateja. Mmoja akacheka.

"Toa mkate wako juu ya barua yangu."

"Mama, usipandishe presha."

"Utoe."

Akautoa. Kipande cha kitunguu kikabaki palepale.

"Soma hapo penye mstari mwekundu. Kwa sauti, na hawa wasikie."

"Sikiliza, mama, mtume mwanao aje, tutazungumza naye, tutaelewana."

Hapo mimi mwenyewe nilitaka kuruka kaunta. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Sina mwana. Nimeendesha tani arobaini za chuma katikati ya mji huu miaka thelathini na moja, na wewe ukiwa na kaptura nilikuwa nakungoja uvuke. Nakujua, Lothar. Ulikuwa unaweka sarafu kwenye reli. Soma."

Yule mteja aliyecheka awali akacheka tena, safari hii akiwa upande wa Shangazi. Brinkhege akasoma, masikio mekundu. Kisha akatikisa mabega akasema kitu ambacho hadi leo kinanichoma. Alisema: "Nilidhani ni gari la kwenda kununulia mkate tu. Nani atasoma?"

Hiyo ndiyo sababu. Hakusahau, wala hakukosea. Alimtazama mteja wake akaamua kwamba mtu wa aina ile hana haja ya kuambiwa.

Nordwall Tatu hazikupatikana popote. Nusret alipiga simu hadi Bottrop na Recklinghausen, akarudi mikono mitupu. Siku zimebaki kumi na tano. Nusret akasema turudishe rimu za zamani, gari lipone, mambo ya uzuri tutaangalia mwakani.

"Nina miaka sitini na mbili," Shangazi akamjibu. "Mwakani ya nani?"

Akawapigia simu watengenezaji wenyewe wa Nordwall. Kama kuna barua ya Tatu, basi na ya Nne inaweza kuandikwa. Muziki wa kungojea ulipigwa dakika arobaini, nami nikafanya kazi yangu yote ya historia. Mwishowe kijana mmoja akapokea. Shangazi akamweleza: saizi, upana wa rimu, uzito wa ekseli, kasi ya juu ya gari. Kila kitu kwa mpangilio. Kijana akasema asante sana, ila barua hizo hawawaandikii watu wa kawaida, wanaziandikia gereji. Fundi wake aombe.

"Fundi ni mimi."

"Ninaelewa, bibi. Lakini yule fundi halisi."

Aliweka simu mezani taratibu kama yai. Kisha akachukua kalamu, akaandika ombi lote kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, akampelekea Nusret. Nusret aligonga muhuri wa gereji yake chini na kutia sahihi, huku akisema, "Dada, nusu ya haya mimi sijui hata maana yake."

"Tia sahihi."

Siku ya nane jibu likaja. Mheshimiwa Bwana Akbulut, tunakushukuru kwa maelezo yako ya kina na ya kitaalamu. Nordwall Nne, mia moja tisini na tano kwa arobaini na tano, inaruhusiwa kwenye rimu ya inchi nane, kwa masharti ya upepo yafuatayo. Nusret aliisoma kwa sauti uani, mbele ya njiwa, akiona haya kama aliyevishwa medali ya mtu mwingine. Mimi nilikasirika hadi machozi. Shangazi aliichukua barua, akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Ina muhuri. Haya mengine waache wajifurahishe."

Miadi iliyopatikana ilikuwa asubuhi ya tarehe thelathini. Siku ya mwisho kabisa.

Kwa ukaguzi wa namna hii gari hupimwa likiwa na mzigo kamili. Gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili hupandishwa juu ya vibao virefu, gari linajipinda kama mtu anayejinyoosha kitandani, na magurudumu hayo mawili yaliyopandishwa yanazama ndani ya madigadi hadi mwisho. Tairi ikigusa bati hata kidogo, kazi imekwisha. Kwa hiyo tulikwenda kama mzigo. Nusret mbele, mimi nyuma, na pembeni yangu magunia mawili ya chakula cha njiwa. Magunia mengine mawili kwenye buti.

Bwana Terhorst alisoma barua mpya. Akachuchumaa, akasoma tairi zote nne, moja moja. Kalamu ikatoka mfukoni.

"Panda vibao."

Shangazi akapanda polepole. Gari likaegemea upande wangu, nikasikia springi ikilalamika chini yangu, punje za mahindi zikateleza ndani ya gunia. Nilikuwa nikifikiria udongo wa kuchezea, na milimita kumi, na kama mwalimu wa fizikia alikosea.

Bwana Terhorst aliingiza kidole kati ya tairi na bati. Kidole hakikupita. Akachukua kalamu yake nyembamba, akaiingiza. Kalamu ikapita. Akaizungusha toka mwanzo wa tao hadi mwisho wake, taratibu, na ikapita kote bila kukwama.

"Zungusha usukani. Kushoto hadi mwisho. Sasa kulia."

Hakuna kilichogusa.

"Geuza gari. Tufanye upande wa pili."

Upande wa pili kalamu ikapita tena. Akaingia ofisini, tukasikia mashine ya kuchapa, akatoka na hati yenye muhuri. Akampita Shangazi aliyesimama karibu na mlango wa dereva, funguo mkononi, akaizungukia boneti, na akamkabidhi Nusret.

"Hongera, bwana. Kazi safi sana, ni nadra kuona mtu aliyehesabu hivi. Mwambie tu mama apime upepo kila baada ya wiki mbili, kwa sababu kwenye rimu pana namna hii..."

Nusret aliinua mikono yote miwili juu kama aliyeshikiwa bunduki.

"Mimi? Mimi ni mzigo tu hapa. Kilo tisini na mbili."

Karatasi ikabaki hewani. Bwana Terhorst akanitazama mimi. Akatazama hata magunia, naapa. Ndipo alipogeuka.

"Ooh," akasema. "Samahani. Basi, kama nilivyokuwa nasema, upepo..."

"Hapana," Shangazi akasema. "Hukuwa unaniambia mimi. Anza mwanzo."

"Mwanzo wapi?"

"Penye hongera."

Nyuma yetu kulikuwa na magari mawili yanangoja zamu. Bwana Terhorst akaweka kalamu mfukoni, akasimama wima.

"Hongera, Mama Wischnewski. Kazi safi sana."

"Endelea."

"Ni nadra kuona mtu aliyehesabu hivi."

"Asante. Sasa upepo."

Akaeleza upepo. Alieleza wa mbele, akaeleza wa nyuma, akaeleza ukiwa na mzigo na usipokuwa nao, naye Shangazi alisikiliza yote ingawa aliyajua, kwa sababu yalikuwa kwenye ukurasa wa pili wa barua aliyoiomba mwenyewe. Kisha akapokea hati, akaikunja, akaitia kifuani.

Kwenye geti la kutokea pana tuta la zege. Kwa uzito wetu gari lingekwangua tumbo.

"Mzigo ushuke," Shangazi akasema.

Tukashuka, mimi na Nusret, tukabeba na magunia, mawili mawili. Yeye akaliendea tuta kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, halafu la pili, polepole kuliko konokono. Gari la nyuma likapiga honi. Dereva wake akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mama, rudisha gari la kijana!"

Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo. Alipitisha gurudumu la tatu, akapitisha la nne, akawasha taa ya kuashiria kulia, akangoja tramu ipite, akaingia barabarani.

"Ametuacha," Nusret akasema, gunia begani.

Kutoka pale hadi nyumbani ni vituo vinne vya tramu.